Chokaa Juu ya Masizi

Alhamisi, mwezi wa Novemba, mwaka wa pili tangu reli ifike Dodoma. Alasiri.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa vumbi jekundu unaoingia mpaka kwenye meno. Mawingu yamejazana upande wa mashariki, hayashuki, hayaondoki. Joto limelala juu ya paa kama mgeni asiyejua kuaga.

Nimekaa katikati ya chumba changu cheupe. Kuanzia stesheni mpaka hapa ni hatua mia nne na kumi na mbili, nyumba ishirini na tatu, na hakuna hata moja nyeupe kama hii. Watu wakipita husimama wakachungulia dirishani. Jana mwanamke mmoja aliingia kabisa, akagusa ukuta, akatazama kidole chake, akatoka.

Mwezi uliopita ningejivuna. Leo naiogopa nyumba yangu mwenyewe.

Kila ninapoandika mistari miwili natazama juu. Boriti ya tano kutoka mlangoni, boriti ya sita, boriti ya saba. Nikimaliza naanza upya. Mkono unaandika, shingo imeinuka, nimekuwa kama kuku anayekunywa maji.

Niandike tangu mwanzo, labda nikiandika nitaona mlango ambao sijauona.

Nyumba hii ni tembe. Paa ni bapa, la udongo, juu ya nyasi, juu ya fito, juu ya boriti. Vyumba vine: vitatu vinatazama barabara, kimoja kiko nyuma. Boriti kumi na nne kila chumba, jumla hamsini na sita. Niliinunua kwa ng'ombe, mwaka ule ule reli ilipofika, kutoka kwa Bibi Mbeleje, mjane wa hapa hapa, ambaye watu wake wametawanyika. Tulipatana nyumba iwe yangu, ila chumba cha nyuma na moto wake vibaki vyake mpaka afe. Nilikubali haraka. Nilikuwa nimechoka. Mimi ni mtu wa Mlali, lakini niliondoka huko nikiwa na sufuria mbili tu, nikaifuata reli ikijengwa, nikiwapikia wale waliokuwa wakiitandaza. Kila kambi ilipohama, nilihama. Nilifungasha vyombo mara kumi na tisa. Nilipofika hapa nikasema, mara ya ishirini haitakuwepo. Nataka ukuta usiokunjwa.

Basi nimeupata. Sasa ndio umenikunja mimi.

Siku thelathini na nane zilizopita jumbe alipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya boma. Alisimama mbele ya mlango wetu akasoma. Homa ya papasi imezidi mjini, na papasi hukaa kwenye nyufa na giza. Kwa hiyo nyumba zote za barabara ya stesheni ziwe na madirisha mawili kila chumba kinachotazama barabara. Ndani ya vyumba hivyo pawe peupe, kuta na dari. Moto usiwashwe humo, wala ng'ombe wasilale humo. Siku arobaini. Daktari wa boma atakuja mwenyewe kukagua, na nyumba isiyotimiza itabomolewa, kiwanja apewe mwingine.

Wenye maduka ya mabati hawakuambiwa kitu. Papasi, inaonekana, hawapendi bati.

Sikulia wala sikupiga kelele kama wenzangu. Nilishika kipimo. Wiki ile ile nilimpata Fundi Saidi, mtu wa Kondoa, mpole wa mikono na mkali wa ulimi, na tukaanza. Madirisha sita tuliyatoboa kwa siku nne. Juu ya kila dirisha tuliweka miti miwili mibichi ili ukuta usishuke. Milango ya madirisha tuliikata kwenye mbao za masanduku ya mafuta ya taa, na mpaka leo dirisha la wapangaji lina picha ya nusu ya simba, kwa sababu nusu nyingine iko kwenye dirisha langu.

Kisha chokaa. Ilikuja kwa gari la moshi ikiwa mawe. Tuliichimbia shimo, tukaimwagia maji, ikachemka yenyewe siku mbili, tukaiacha ipoe siku tano, tukatia chumvi ili ishike. Burashi zetu zilikuwa vitita vya nyuzi za mkonge. Chini ya kila ukuta, mpaka usawa wa goti, nilipaka ukanda wa udongo mwekundu, maana miguu ya watu wa reli naijua. Madebe thelathini na moja ya chokaa yalikwenda kwenye nyumba hii. Niliyabeba kumi na nane mwenyewe.

Kuta zilikubali. Dari ikakataa.

Boriti zote zilikuwa nyeusi. Si nyeusi ya rangi. Nyeusi ya masizi yaliyogandamana miaka na miaka mpaka yakang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Tulipaka chokaa mkono wa kwanza, kesho yake ikawa ya manjano. Mkono wa pili, manjano. Wa tatu, rangi ya chai. Masizi yalikuwa yanapenya na kutoka juu kana kwamba yanatucheka.

"Tukwangue," nikasema.

Fundi Saidi aliitazama dari, akajikuna kidevu. "Kwetu Kondoa boriti hatuzikwangui, mama."

"Kwenu Kondoa hakuna daktari wa boma."

"Daktari yupo. Ila hatazami juu."

"Wa kwetu anatazama. Kwangua."

Akakwangua. Siku sita, kwa panga lililovunjika ncha, kisha tukaosha kwa maji ya majivu. Masizi yalijaza madebe tisa. Mti uliotokea chini yake ulikuwa mwekundu na msafi, kama umekatwa jana. Chokaa ilishika mara moja. Nilisimama chini nikiwa na chokaa kwenye nywele na kwenye kope, na nikajisikia mtu mwerevu kuliko wote Dodoma.

Na taa! Zamani nilikuwa na koroboi, nikitaka kutunga sindano lazima niisogelee mpaka ninuke moshi. Safari hii nilinunua taa tatu za chemni, nikazitundika kwa waya, moja kila chumba. Nyuma ya kila taa nilipigilia bati la debe lililopasuliwa, nililolisugua kwa majivu mpaka likawa kama kioo. Nilipima. Kwa koroboi, nilitunga sindano nikiwa umbali wa mkono mmoja. Kwa taa moja ya chemni na kuta nyeupe, nilitunga nikiwa hatua sita, nikiwa nimeipa taa mgongo.

Masanja, mpangaji wangu wa Unyamwezi anayechochea moto kwenye gari la moshi, aliingia jioni ya kwanza akafunika macho. "Mama Damari, nyumba hii sasa hata dhambi hazina pa kujificha."

Nilicheka sana. Nilimwongezea mboga.

Sasa niandike kitu ambacho sijamwambia mtu.

Karatasi ya boma ilisema vyumba vinavyotazama barabara. Chumba cha Bibi Mbeleje kiko nyuma. Hakikutajwa. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba jumbe ameagiza moto wake utoke. Nilimwambia nikiwa nimekunja uso, kama mtu anayesikitika. Ukweli ni kwamba moshi wake ulikuwa unapita juu ya ukuta wa katikati, pale panapoachwa uwazi wa shibiri moja chini ya boriti, na kuja kwenye vyumba vyangu. Niliona chokaa yangu itaharibika. Na niliuchukia moshi ule tangu siku ya kwanza. Kila mchana alikuwa akiufukia moto kwa samadi kavu mpaka usiwe na hata mwale, moshi mtupu, mnene, wa kijivu, na yeye amekaa pembeni amenyoosha miguu. Nilirudi kutoka stesheni na sufuria kichwani, macho yananiwasha, nikisema moyoni, mzee huyu ni mvivu, mchafu, na kuni anazipoteza.

Nilimjengea kibanda uani, hatua kumi na tano kutoka mlango wa nyuma. Nikaziba ule uwazi juu ya ukuta kwa udongo, mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Nikakwangua boriti zake pia, nikapaka chokaa chumba chake chote. Nilikuwa tayari nimehesabu mikeka mingapi itaenea humo siku akiondoka.

Bibi alisimama mlangoni akatazama tunavyokwangua. Hakugomba. Alisema tu, "Umeivua nyumba nguo yake."

Nilidhani ni maneno ya uzee.

Jumatatu ya wiki hii, asubuhi, niliona mstari wa kahawia juu ya dirisha langu, mwembamba kama uzi, unatoka kwenye mti mbichi na kuvuka kwenye boriti ya tano. Nikajua mpangaji ameshika kwa mkono mchafu. Nikafuta kwa kitambaa. Jumanne ulikuwepo tena, na ulikuwa na unyevu.

Ajabu ya weupe ni hii: kwenye nyumba nyeusi nisingeuona mpaka paa liwe kwenye uji wangu. Kwenye nyumba nyeupe, yenye madirisha sita na taa tatu, naona kila kitu, saa zote, na siwezi kufanya lolote.

Mchwa. Walianzia kwenye miti mibichi tuliyoiweka juu ya madirisha, wakahamia kwenye boriti. Jumanne boriti tatu. Jana nane. Leo asubuhi kumi na moja, kati ya arobaini na mbili za mbele. Chumba cha nyuma hawajafika bado, kwa sababu nyuma hatukuweka dirisha.

Fundi Saidi alikuja leo baada ya adhuhuri. Alipanda juu ya sanduku, akagonga boriti kwa mpini wa kisu. Tok, tok, tok. Kisha, ya sita: pu. Kama kugonga boga. Akageuza kisu, akasukuma. Hakutumia nguvu. Kisu kiliingia mpaka kwenye mpini.

Unga mwembamba ulishuka ukamwangukia puani, akapiga chafya.

"Mama," akasema, "kuna habari mbaya na kuna habari mbaya sana."

"Anza na hiyo mbaya sana."

"Mawingu hayo."

Hakuhitaji kueleza. Udongo wa paa ni shibiri moja na nusu. Mwezi uliopita, tulipokuwa tunakanda udongo wa kuta, debe la mkavu nilinyanyua peke yangu. La uliolowa tulinyanyua wawili, na Saidi alilalamika. Mvua ikinyesha, paa hili litakunywa. Boriti nzima itabeba. Boriti yenye unga ndani haitabeba. Chini ya paa tunalala watu tisa: wapangaji saba, mimi, na Bibi, ambaye akiwa na baridi bado hurudi chumbani kwake kulala.

Nilipiga hesabu kila upande, kama mtu anayezunguka zizi akitafuta nafasi ya kupenya.

Kutoa udongo wote juu: siku tatu, na daktari anakuja keshokutwa, atakuta nyumba haina paa. Kubadilisha boriti: miti mizuri iko mwendo wa siku mbili, na kuikata kunahitaji ruhusa ya boma, na boma lina siku zake. Kuweka nguzo za panda chini ya zile mbovu: hilo linawezekana, Saidi ameshaanza kuchimba mashimo, lakini nguzo hazifukuzi mchwa, zinawapa tu ngazi nyingine. Kuondoka: niende wapi? Nani atanunua nyumba ninayojua itaanguka? Ningeweza kumwuzia mtu asiyejua. Niliwaza hivyo. Niliwaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika hapa.

Nikiiacha dari nyeupe, daktari ataridhika Jumamosi, na mvua ya kwanza itatufunika. Nikirudisha moshi, dari itakuwa rangi ya chai, daktari atatikisa kichwa, na nyumba itabomolewa.

Mimi sikuomba agizo. Sikuomba papasi. Nilifanya yote kwa kipimo, sikupunja hata debe moja, na bado niko hapa nimebanwa katikati ya kuta nilizozipaka mwenyewe.

Niliwaza pia jambo moja ambalo sikutaka kuliwaza. Boriti hizi zimekaa miaka mingapi bila mchwa? Kabla yangu, kabla ya reli, kabla ya boma. Na nilipozikwangua zilikuwa nyekundu na safi. Nani aliyekuwa akizitunza?

Nikaliacha daftari, nikaenda kibandani.

Bibi Mbeleje alikuwa ameinamia moto wake, mdogo, wa kupikia.

"Mbukwa, bibi."

"Mbukwa. Leo umekumbuka njia."

"Bibi, mchwa wamepanda."

"Wamefika wapi?"

"Boriti kumi na moja."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Kumi na moja! Wewe hata siku ya kuzikwa utahesabu makoleo ya udongo." Kisha akaacha kucheka. "Hesabu tena. Hao unaowaona ni wale wasiojua kujificha."

Nilikaa chini, kwenye vumbi, kwa nguo yangu safi. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba jumbe hakutaja chumba chake, kwamba nilisema uongo, kwamba uwazi niliuziba mimi. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Sikumbuki mara ya mwisho kuomba radhi. Kwenye kambi za reli ukiomba radhi kesho hawakulipi.

Hakunitazama. Alisogeza kijinga kimoja cha moto.

"Nilikuwepo," akasema. "Jumbe aliposoma nilikuwa nimekaa mlangoni nyuma yako. Makalio yako yalinizibia uso wake, lakini sauti niliisikia yote."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nyumba umenunua. Ng'ombe uliotulipa tumewala. Nikasema, mwache apake, ana mikono."

"Na nyumba ikituangukia?"

"Ndiyo maana nilibaki. Nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu. Nikafikiri, nikiondoka na nyumba ikaanguka, huyu mwana wa Mlali atasema nimeiroga. Nikakaa nimngoje aje kuuliza. Umechukua siku nyingi. Wewe unayejua hesabu, ni ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Yayagwe! Hata mchwa wana akili ya haraka kuliko wewe."

Nilistahili. Nikauliza kama moshi utawaua. Akasema moshi hauui mchwa hata mmoja. Wale walio ndani ya mti wameshaumiliki, boriti hizo zikatwe mvua zikiisha, na mpaka hapo zishikwe na nguzo. Moshi kazi yake ni kuifanya miti mingine iwe michungu ili wasipande. Na si moshi wowote. Moto mkubwa ni wa chungu, akasema, huu ni wa paa: magome ya mgunga chini, samadi juu, usilale, usiwake. Ukiwaka utaunguza nyasi za dari. Ukilala utazimika na mchwa watajua.

"Nani anakaa nao?" nikauliza.

"Mimi."

"Kila siku?"

"Wewe unaona nakwenda wapi?"

Kwa miaka miwili sijawahi kumwona Bibi Mbeleje kisimani. Maji naleta mimi, au analetewa na jirani. Stesheni hajafika.

"Gari lenu la moshi," akasema, kana kwamba amenisikia, "naisikia sauti yake tu. Wageni wako wanasema lina macho mawili ya taa. Ni kweli?"

"Ni kweli, bibi."

"Mimi niliolewa nikapewa moto huu na mama mkwe. Alipopata mtu wa kumwachia, alitoka mlangoni hivi, akaenda kwa kaka yake kunywa pombe siku tatu. Sikumwelewa. Nilidhani hana adabu." Akatema mate pembeni. "Ulifikiri nimependa kukaa pale nikitokwa na machozi? Ulifikiri mimi ni mvivu?"

Ndivyo nilivyofikiri. Nimeandika hapa juu, aya chache tu zilizopita, kwa mkono huu.

Akasema atarudi ndani leo hii, ataniwashia na kunifundisha. Lakini ana sharti. Ana dada yake Chemba, aliyeolewa huko Bibi akiwa bado hajatobolewa masikio. Anasikia yuko hai. Anataka kumwona kabla mmoja wao hajazikwa, na akifika hatageuka kesho yake; atakaa mpaka mvua ziishe.

"Moto utakaa nao wewe," akasema. "Si mpangaji. Si mtu wa kuokota. Wewe."

"Bibi, mimi napika stesheni. Siwezi kukaa ndani miezi minne."

"Basi."

Akarudi kwenye chungu chake. Nilisimama pale nikatazama mawingu, nikatazama paa langu, ambalo kwa nje limenyooka na kupendeza, na nikasikia ndani Fundi Saidi akichimba shimo la nguzo ya nne. Nilijaribu kuhesabu. Nilijaribu kweli. Kila hesabu ilirudi pale pale.

Nyumba ikibomolewa na boma, itabomolewa tukiwa nje, tisa wote, tumesimama tunatukana. Ikituangukia wakati wa mvua, hakuna atakayesimama. Hiyo haikuhitaji daftari.

"Haya," nikasema. "Nitakaa."

Fundi Saidi, aliyekuwa akisikiliza kwenye mlango wa nyuma bila haya yoyote, akapaza sauti kwamba Jumapili anarudi Kondoa na njia yake inapita Chemba, ana punda. "Ila bibi, punda wangu hapendi watu wenye maneno mengi."

"Basi wewe unasafirije naye?" Bibi akamjibu.

Nilipanda juu ya sanduku nikiwa na kijembe, nikauzibua ule uwazi niliouziba. Bibi alikataa Saidi anisaidie. Udongo ulikuwa umekauka vizuri, kazi nzuri, yangu. Ulinichukua muda. Kisha Bibi akaingia chumbani kwake na kaa kwenye kigae, akapanga magome, akafukia kwa samadi, akaniambia nipige magoti nitazame. Moshi ulikuja polepole, ukatafuta njia chini ya boriti, ukapita juu ya ukuta, ukaingia kwenye chumba changu cheupe kana kwamba haujawahi kuondoka.

Nimekaa na kuutazama ukianza. Juu ya taa, kwenye boriti ya nane, tayari pana doa la manjano, kama jasho kwenye kanzu. Taa yenyewe nimeishusha, bati lake limeshapoteza mng'ao. Machozi yananitoka. Nusu ni ya moshi.

Wapangaji nimewaambia, tone la kwanza likianguka, mikeka yote iende kibandani. Masanja ameuliza kama kodi ya kibanda ni sawa na ya ndani. Nimemwambia anyamaze.

Jumamosi daktari akija atanikuta mlangoni. Sitamwambia uongo, nimechoka nao. Nitamwonyesha kuta: nyeupe. Madirisha: sita. Moto: haumo kwenye vyumba vya barabara, uko nyuma, kama karatasi yake inavyoruhusu. Akitazama juu na kusema dari ni chafu, nitampa kisu cha Saidi, nitampandisha kwenye sanduku, nimwambie asukume. Labda ataelewa. Labda ataona kisu tu na Mwafrika anayempa kisu. Akisema bomoa, nitaomba siku mbili za kutoa boriti nzima thelathini na moja za mbele na kumi na nne za nyuma. Nitaomba kwa sauti ya kawaida. Nimeijaribu hapa peke yangu, bado inatetemeka.

Bibi ametoka. Ameniachia ufito wa kusukumia samadi, akasema anakwenda kunyoosha miguu. Kupitia mlango wa nyuma namwona anavuka uani, akapita kibanda, akapita kona ya jirani, anaelekea upande wa reli. Anatembea polepole, mikono nyuma. Hajageuka hata mara moja kutazama kama moshi unatoka.

Mimi ndiye ninayetazama. Kila mistari miwili nainuka, nasukuma samadi, narudi. Kutoka kwenye daftari mpaka kwenye moto ni hatua tano. Nimejiuliza, mtu aliyetembea na reli yote ile, atazimudu vipi hatua tano kwa miezi minne?

Kesho Ijumaa. Sitoki.